Mtoto Aliyetulia

Mikinduri,
2 Februari 1986

Kwa Tata Karwirwa,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Najua kwa Kiswahili cha darasani ningeandika Shangazi, lakini nikiandika hivyo nahisi namwandikia mtu wa kwenye mtihani. Sisi hatujambo. Mama goti bado linamsumbua akipanda kutoka mtoni, ila anasema ni goti tu, si yeye. Murithi yuko darasa la tatu, ameng'oka meno mawili ya mbele na anayaonyesha kila mgeni. Maharagwe yaliingia kutu tukavuna debe moja na nusu. Baba bado ni hedimasta pale shule ya msingi. Natumaini wewe na mumeo Bwana Njue mko salama, na kahawa pia.

Mimi ni Kiende, yule wa kidato cha pili. Pengine hunikumbuki vizuri. Mara ya mwisho kukuona ni mazishi ya nyanya, miaka minne iliyopita. Ulisimama karibu na tangi la maji, na wewe na Bwana Njue mkaondoka kabla ya chai.

Tata, mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa jina langu darasani natazama dawati. Lakini kwa karatasi naweza kusema, kwa hivyo nasema. Mimi huchora. Mwalimu Ednah, anayetufundisha biolojia, hunituma kuchora moyo na figo ubaoni, nami huenda asubuhi kabla wenzangu hawajafika ili wasinione mgongo. Wiki jana alisoma gazetini kwamba kutakuwa na warsha Embu mwezi wa Agosti, ya kufundisha vijana na walimu kuchora vitabu vya picha vya watoto wadogo. Akasoma jina la mwenye kuifundisha, nikajua ni wewe. Sikusema ni tata yangu. Niliona aibu kwamba sijui chochote juu yako.

Wanataka picha sita za mtoto mmoja, na sahihi ya mzazi. Nilipomtajia baba jina lako alimaliza chai yake, akasema anaenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Nataka kuja. Sijawahi kutaka kitu hivi. Ukinijibu, tafadhali tumia sanduku la posta la kanisa ambalo nimeandika nyuma ya bahasha, usitumie la shule ya baba.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Kiende

*

Karurumo,
27 Februari 1986

Kiende mwanangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Barua ililala posta ya Runyenjes siku tisa kwa sababu Njue ndiye huenda posta, na msimu huu Njue akitoka kiwandani kwa kahawa hana miguu. Anakusalimu. Anasema mtu anayeogopa kuonwa mgongo na bado anachora ubaoni ana dawa ya uoga wake mwenyewe, apewe tu chaki zaidi. Mwambie mama yako pole kwa goti. Mwambie pia namkumbuka. Kama si vizuri kumwambia, usimwambie.

Unauliza kazi yangu ikoje. Kitabu changu cha sita kimekubaliwa na wachapishaji wa Nairobi. Ni cha rangi mbili, nyeusi na moja ya kuchagua, kwa sababu rangi nne ni ghali na wazazi hawanunui. Nimechagua kahawia ya udongo wetu. Nachora mistari yote kwa wino mweusi, halafu naweka karatasi angavu juu yake na kupaka hapo sehemu za kahawia peke yake, na mashine ikichapa mara mbili vinakutana. Ukikosea upana wa uzi, mtoto anatoka na shati kando ya mwili. Mhariri ni mtu mzuri ila hajaishi na mifugo. Mwaka jana alipitisha ng'ombe mwenye chuchu tano wa mchoraji mwingine, na watoto wa nasari hapa Karurumo walipomwona hawakutaka kusikia hadithi, walikuwa wanahesabu tu.

Warsha itaanza 11 Agosti, siku tano, katika ukumbi wa kanisa mjini Embu. Vijana kumi na wawili na walimu wa nasari wanane. Utalala kwangu.

Sasa picha. Nataka mtoto mmoja, mara sita, akifanya mambo sita. Huo ndio ugumu wa vitabu hivi. Mtoto wa ukurasa wa pili lazima awe yuleyule wa ukurasa wa kumi na nne. Msomaji wetu ana miaka mitano, hajui kusoma jina. Anamtambua rafiki yake kwa sikio, kwa paji la uso, kwa namna anavyoinamisha kichwa.

Chora mtoto aliye hai, aliye mbele yako. Na nina kanuni moja ambayo wote wanaokuja kwangu huifuata: mtoto asikae kuchorwa zaidi ya dakika kumi. Zikiisha, mwache aende akimbie, umwone akikimbia, ndipo arudi. Mtoto akitulia sana, weka penseli chini. Kila mwaka kuna mtu anayeniuliza sababu. Sijibu.

Kuhusu baba yako: ni kaka yangu mkubwa na ndiye aliyenifundisha kushika penseli, kwa majivu kwenye ubao wa mlango. Mengine sina. Bila sahihi yake siwezi kukupokea, kwa hivyo zungumza naye kabla hujatuma chochote.

Akupendaye,
Tata Karwirwa

*

Mikinduri,
30 Machi 1986, Pasaka

Tata mpendwa,

Tumetoka kanisani sasa hivi. Mama alipika mukimo wa viazi na mahindi na baba akachinja jogoo aliyekuwa anamfukuza Murithi. Goti la mama ni nafuu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua imeanza na barabara ya Kianjai haipitiki, lori la miraa limekwama mbele ya boma la Mutembei tangu Alhamisi na wenyewe wanatembea kwa miguu wakitukana.

Barua yako niliipata kwa Mzee Thuranira, karani wa kanisa. Aliiinua juu mbele ya watu. "Kiende, bwana wako ameandika kutoka Embu. Mwandiko mzuri, huyu ni mtu wa ofisi."

Nikamwambia ni tata yangu.

"Tata? Mimi nina tata wanne na hakuna hata mmoja ananiandikia."

Kila mtu akacheka, nami nikasahau kushukuru.

Tata, picha hizi hapa ziko ndani. Ni sita. Ni mtoto mmoja wa huku kwetu. Nimejaribu sikio na paji yawe yaleyale kama ulivyosema. Kusema kweli ilikuwa vigumu kupata mtu wa kukaa. Murithi nikimtazama anacheka, na kwa majirani sikuweza kwenda kuomba, nilifika hadi langoni kwa akina Mwongera nikarudi. Lakini mwishowe nilipata.

Baba bado hajapata nafasi ya kutia sahihi. Ana mambo mengi ya shule.

Nangoja kwa hamu,
Kiende

*

Mikinduri,
11 Mei 1986

Tata,

Hatujambo. Natumaini nanyi ni wazima. Nimepita kwa Mzee Thuranira Jumapili sita mfululizo, hata hanitanii tena, ananionyesha kiganja kitupu kabla sijauliza. Sijui kama bahasha ilipotea. Kama picha ni mbaya niambie tu. Mwalimu Ednah anasema mchoraji lazima azoee kuambiwa. Mimi sijazoea lakini ningependa kuanza.

Kiende

*

Karurumo,
25 Mei 1986

Kiende,

Picha zilifika 9 Aprili. Huyo mtoto ulimwona wapi?

Karwirwa

*

Mikinduri,
8 Juni 1986

Tata mpendwa,

Barua yako haikuwa na salamu, nikajua umejua. Mimi nitakusalimu hata hivyo. Mama hajambo, Murithi hajambo, ndama anakula majani.

Nilikudanganya. Sikumchora mtoto aliye hai. Nilimnakili kutoka kitabuni, na kitabu chenyewe ni chako, kile cha kwanza kabisa, cha mtoto na ndama. Nitakueleza jinsi ilivyotokea, halafu ukitaka usiniandikie tena.

Mwezi wa Machi baba alinituma nimletee daftari la mahudhurio la zamani kutoka sanduku lake la bati, lile la chini ya kitanda. Huwa analifungua mwenyewe, siku hiyo alikuwa na wageni. Chini ya madaftari nikakuta vitabu vimefungwa kwa gazeti. Ishirini na tisa, nakala za kitabu kimoja, zote zina muhuri wa shule. Kwenye jalada kuna jina lako. Nikaelewa ni kwa nini mimi sikukisoma kamwe nikiwa mdogo wakati wenzetu wa Kianjai walikisoma. Baba alivitoa kabatini vyote akavileta nyumbani. Nilifikiri anakuonea haya, kwamba dada yake anachora watoto badala ya kufanya kazi ya maana. Nikamkasirikia. Nikachukua kimoja, nikakificha kwenye begi.

Ukurasa wa saba kuna mtoto ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, anatazama pembeni. Tata, sijawahi kuona picha kama ile. Nilijaribu kumwazia akisimama, nikamsimamisha. Nikampa jembe. Nikampandisha mti. Kichwa kilikuwa chako, mikono na miguu ilikuwa yangu. Nilijiambia kila mtu hujifunza kwa kunakili. Halafu nikaandika kwamba ni mtoto wa huku kwetu, na hapo sasa ilikuwa uongo.

Baba sijamwomba sahihi. Huo nao ulikuwa uongo, kwamba hana nafasi.

Kuna jambo jingine sijalielewa, nalo naliandika kwa sababu sina wa kumuuliza. Vitabu ishirini na nane ni vipya, kurasa zake hata zimegandana. Kile nilichokichukua, bila kujua, ndicho kilichokuwa juu, na hicho kimechakaa. Si chote. Ni ukurasa wa saba peke yake, usoni pa yule mtoto. Karatasi pale imekuwa na manyoya kama kitambaa, kama mahali ambapo mtu amepapasa kwa kidole gumba siku nyingi. Nilipokuwa nanakili ilibidi nifungue kitabu kipya ili nilione jicho.

Ni nani huyo, Tata?

Kiende

*

Karurumo,
22 Juni 1986

Mwanangu Kiende,

Nakusalimu, na mama yako, na Murithi, na baba yako. Naandika jina la baba yako mwisho si kwa dharau. Ni kwamba nikiliandika mapema mkono unasita.

Uliponyamaziwa majuma hayo yote sikuwa nimekukasirikia. Nilifungua bahasha yako nikiwa nimesimama barazani, na Njue akaniuliza, "Ni nani amekufa?" Ulikuwa umemfanya apande mti. Miaka kumi na mitatu nimejaribu kumwona akipanda mti, na sikuweza.

Huyo ni Riungu, kaka yako.

Najua unajua ulikuwa na kaka. Najua pia kwenu jina lake halitajwi, kwa sababu nilikuwepo lilipoanza kutotajwa. Ulipozaliwa, mama yako aliitwa Mama Riungu, kama ilivyo kwa kila mama na mtoto wake wa kwanza. Baada ya mazishi, watu wakaanza kumwita Mama Kiende. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Ilitokea tu, nawe ulikuwa na miaka mitatu. Bado wanamwita hivyo?

Agosti ya 1973 nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja. Nilifundisha nasari hapa, na nilikuwa nimepewa kazi yangu ya kwanza ya kitabu. Nilihitaji mtoto wa kuchora na sikuwa na wangu. Nikamwomba baba yako anipe Riungu likizo nzima. Mama yako hakutaka. Alisema huku chini kuna homa. Baba yako akasema, "Ni kwa Karwirwa, si kwa wageni." Akamleta mwenyewe.

Riungu alikuwa na miaka saba na alikuwa mtoto wa kukimbia. Siku nane sikupata mstari mmoja. Nilimwahidi peremende, nilimwahidi kumpeleka sokoni, nilimgombeza. Ukimgeukia kuchonga penseli ameshafika kwenye kahawa. Siku ya tisa nikamwambia, "Riungu, leo ukae," naye akakaa. Aliketi kwenye kigoda cha Njue tangu saa tatu asubuhi. Hakuzungumza. Nilimwuliza kama ana njaa akatikisa kichwa. Nilifurahi sana, Kiende. Nilisema moyoni, sasa amezoea, sasa amekuwa mtoto mzuri. Nilimchora hadi saa saba. Ile ndiyo picha bora ya maisha yangu, kila mtu anasema hivyo, na mhariri huwa ananiambia nichore tena kama ile.

Sikumgusa. Ningemgusa paji mara moja tu ningejua. Jioni alianguka akienda kunawa mikono. Njue alimbeba mgongoni usiku ule na alfajiri tukapata gari hadi hospitali. Huko walifanya yote waliyoweza. Daktari aliniuliza joto lilianza lini, nikasema jioni. Akanitazama, akasema halikuanza jioni.

Hilo baba yako analijua. Nilimwambia mwenyewe, siku ya mazishi. Hakunifukuza. Alisema, "Hukujua," na nadhani alitaka kuliamini.

Kilichotutenganisha ni jambo la baadaye. Kitabu kilikuwa hakijaisha. Ningeweza kumbadilisha uso. Mchoraji hubadilisha sikio na pua, na mtoto anakuwa wa watu wengine. Sikubadilisha. Hakukuwa na picha yake nyingine popote. Mpiga picha wa sokoni aliwahi kumpiga, ikatoka nyeusi kwa sababu Riungu alitikisika. Niliona kwamba nikimbadilisha atakuwa ameisha. Lakini sikumwuliza mama yake, wala baba yake. Vitabu vikafika katika shule ya baba yako, thelathini kasoro kimoja, naye akavifungua mbele ya darasa la pili. Alikuja hapa Jumamosi yake. Hakukaa. Alisema neno moja, "Umemuuza," akaondoka. Sijui kama mama yako amewahi kukiona. Sidhani.

Nimekuwa nikiamini kwamba aliviteketeza. Sentensi yako kuhusu kidole gumba nimeisoma mpaka Njue akanificha barua.

Sasa kuhusu wewe. Picha zako sita sitazipokea. Kunakili si kosa, hata mimi nilianza hivyo. Uongo ni kosa, nawe umeukiri, umeisha. Nazirudisha kwa sababu si mali yako na si yangu. Nafasi yako nitaishikilia hadi asubuhi ya tarehe 11. Njoo na picha moja uliyoichora kutoka kwa macho yako, na sahihi ya baba yako, iliyotiwa na yeye, akijua anatia sahihi ya nini.

Kama utawaambia nyumbani ulichokiona, sitakuambia ufanye wala usifanye. Mimi niliamua peke yangu juu ya mtoto huyo mara moja, na sitarudia.

Tata yako,
Karwirwa

*

Mikinduri,
27 Julai 1986

Kwako Tata, na kwa Bwana Njue,

Salamu kutoka kwetu, na leo nimetumwa na wote kweli. Mahindi yamekomaa. Murithi ameota jino moja, limetoka limepinda. Shule zimefungwa Ijumaa na nimekuwa wa tisa, na biolojia wa kwanza.

Nilikaa na barua yako siku nne. Sikuweza kumtazama baba. Siku ya tano alikuwa zizini, nikaenda nikasimama upande wa pili wa ng'ombe, hapo hatuonani uso, nikasema, "Baba, nilifungua sanduku. Kitabu kimoja ninacho mimi. Na Tata ameniandikia, nimejua ni nani."

Aliendelea kukamua. Ndoo ilipojaa akaniuliza, "Ni kipi unacho?"

"Kile kilichochakaa."

"Kirudishe," akasema. Basi. Nikakirudisha.

Siku zilizofuata alikamua, akaenda shule, akarudi. Nilifikiri yameishia hapo na nilishaanza kuzoea kwamba sitakuja. Halafu Jumapili ya tarehe 6, tumetoka kanisani, mama ameketi nje anachagua maharagwe kwenye uteo, baba akaja na kitabu. Alikuwa bado amevaa koti. Alikiweka juu ya maharagwe, kimefunguliwa.

Mama alifuta mikono. Akatazama. Nilikuwa mlangoni, sikujua nitoke au niingie.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Ni kitoto cha watu kimekaa."

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mama Riungu, ni yeye. Karwirwa alimchora."

Tata, sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo. Nilidhani atalia au atampiga baba kwa uteo. Alikishika kitabu akakisogeza mbali kidogo, kama anavyofanya na barua kwa sababu ya macho.

"Huyu si yeye," akasema. "Riungu hakukaa hivi. Hata kanisani alikaa kwa goti moja, nawe ulikuwa unamfinya. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Shingo hii imelegea. Huyu mtoto ni mgonjwa."

Baba akaketi chini, kwenye udongo, na suti. Akasema, "Ndiyo. Alikuwa mgonjwa."

Sitaandika yote waliyosema, mengine sikusikia na mengine si yangu. Lakini baba alimwambia kwamba ni yeye aliyekuleteeni Riungu, na kwamba kila akikuona wewe huona mkono wake mwenyewe umemshika mtoto njiani. Mama akamwambia, "Hilo nalijua. Nimekungoja uniambie tangu mwaka ule." Halafu akamwuliza kwa nini alimficha mtoto chini ya kitanda ambacho yeye analalia. Baba akasema aliogopa.

Baadaye mama akaniita. "Wewe unachora. Chukua karatasi."

Nikasema siwezi, sikumwona.

"Mimi nilimwona. Wewe chora, nitakuambia."

Ndivyo tulivyofanya, Tata, wiki tatu, kila nikitoka shule. Nilikuwa naenda njia panda ya akina Mwongera kutazama watoto wakitoka darasani wakikimbia, nikichukua miguu na viwiko. Niliwaomba hata majina, sikufa. Halafu naleta nyumbani, na mama anasema. Paji kubwa zaidi. Si hivyo, umemfanya mzee. Masikio yalikuwa ya upande wetu, si ya upande wa baba yako. Hapa amekimbia kama mtu anayefukuzwa, yeye alikimbia kama anayefukuza. Baba alikuwa anapita nyuma yetu akijifanya anatafuta kofia. Siku moja akasimama akasema, "Kisigino cha kushoto hakikuwa kinagusa chini," akaenda zake. Mama akasema, "Ni kweli, hata mimi nilikuwa nimesahau." Murithi akauliza huyo mtoto ni nani, na mama akamjibu kama anayejibu ni saa ngapi: "Ni kaka yako mkubwa. Anaitwa Riungu."

Nilichora picha kumi na saba. Zote zilikataliwa. Ya kumi na nane niliimaliza Alhamisi iliyopita. Anakimbia akienda, tunamwona kutoka nyuma, na amegeuza kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeitwa ambaye hana nia ya kurudi. Uso hauonekani wote. Niliogopa kumwonyesha mama kwa sababu ya huo uso. Aliitazama, na hakusema paji wala sikio. Akaikunja mara moja, akaifunga kwenye leso yake, akaingia ndani. Sijui ameiweka wapi, na sikuweza kumwomba anirudishie.

Kwa hivyo nitakuja bila picha. Nimejaribu kuichora tena, haitoki, inakuwa ya mtu anayenakili. Kama kanuni ni kanuni, nitaelewa, nitakaa nje ya ukumbi nipikie wengine chai.

Fomu imetiwa sahihi. Baba aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini, akauliza ukumbi una madirisha. Anasema atanifikisha Karurumo mwenyewe, Jumapili ya tarehe 10. Hakusema kama ataingia ndani. Mama naye anakuja, na goti lake.

Anakuuliza jambo moja. Alinifanya nilirudie mara mbili ili nisikosee. Anasema ile siku ya tisa ameshaielewa, hataki kuisikia tena. Anataka zile siku nane, ulizokuwa humpati. Alikimbilia wapi, na alikuwa anafanya nini huko. Anasema usiandike, ukae uzikumbuke, umwambie kwa mdomo, moja moja.

Ni mimi, niliye njiani,
Kiende